Mshindani wako siye atakayekusumbua

Wanaoniuliza kuhusu kufanya utafiti na kampuni shindani huogopa kuibiwa. Mimi nimeshirikiana na mshindani wangu wa hapa Dodoma, mhadhiri wa chuo kikuu na taasisi ya serikali kutengeneza vipima unyevu wa udongo kwa mashamba ya zabibu, na huyo mshindani ndiye aliyenipa shida ndogo kuliko wote.

Mfanyabiashara mwenzako anajua kipi kinauzwa, kama unavyojua wewe. Tulichangia vipimo vya udongo wa Hombolo na Makutupora pamoja na namna ya kuvisahihisha vifaa. Programu ya kumwambia mkulima lini amwagilie, kila mmoja alibaki na yake. Hata wakubwa hufanya hivyo. Mwaka 1987 kampuni za Marekani za chipu za kompyuta, zikibanwa na Wajapani, ziliunda SEMATECH kwa msaada wa fedha za serikali. Zilitafiti pamoja mbinu na mitambo ya uzalishaji, lakini chipu za kuuza kila kampuni ilisanifu zake.

Kinachosumbua ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Ankara ikichelewa, jiandae kuanza kufuatilia upya. Chuoni mitihani ikikaribia, mwanafunzi uliyemtegemea humwoni tena shambani. Zabibu nazo hazimsubiri mtu, maana hapa kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kabla ya kusaini chochote, wekeni kalenda zote mezani na mpange kazi za shamba kwanza, vikao baadaye. (Vikao vitapata nafasi tu, hilo usihofu.)

Kisha hati ya makubaliano itaje nani anamiliki takwimu na nani anaruhusiwa kuchapisha. Mwanafunzi lazima aandike tasnifu yake, usimzibe mdomo. Omba tu kuiona rasimu mapema, kwa sababu hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi) hutolewa kwa kitu kipya, na makala ikitangulia ombi lenu kufika BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na hataza, mnaweza kuikosa. Majina na namba za simu za wakulima myaondoe kwenye faili la pamoja. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Na vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za mradi, andikeni mapema vitabaki kwa nani. Vyetu vilibishaniwa kuliko programu zenyewe.