Kabla Sauti Yako Haijaondoka Chumbani: Kwa Wanaoanza Kuimba na Kutengeneza Muziki wa Hausi

Ndugu zangu mnaoanza, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni maikrofoni gani ya kununua. Nitalijibu upesi, kwa sababu si hapo watu wanapoharibikiwa. Maikrofoni ya wastani katika chumba kilichojaa nguo huishinda ya bei ghali katika chumba kitupu chenye mwangwi. Mimi nilirekodi miaka yangu ya mwanzo mbele ya kabati la nguo lililo wazi, blanketi mbili zikining'inia mgongoni na feni ikiwa imezimwa, adha ambayo aliyewahi kuishi Mombasa mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa.

Linalohitaji maelezo ni uimbaji wenyewe. Nyimbo nyingi za hausi, muziki wa dansi wa kielektroniki, huenda kwa mapigo 118 hadi 128 kwa dakika, ngoma ya chini ikikita mara 4 katika kila kipimo bila kupumzika, na usawa huo humtega anayeimba Kiswahili. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho isipokuwa katika maneno machache, lakini msikilizaji aliye katikati ya ukumbi hufuata ngoma, hafuati kamusi. Kiitikio cha wimbo wangu mmoja wa mwanzo kilikuwa na neno "barabara", kwa maana ya njia, nikiimba juu ya mtu ambaye bado yuko safarini na hajui atafika lini. Prodyuza, ambaye hakujua Kiswahili, aliona kwenye skrini kwamba sauti yangu imechelewa kidogo, akaisogeza mpaka silabi ya pili ikaangukia juu ya ngoma. Wimbo ulipotoka, watu wa kwetu walisikia "barabara" ile nyingine, ya mambo kuwa sawasawa, na shangazi yangu akanipigia simu kuuliza ni kheri gani niliyoipata hata nikatangaza usiku kucha kwamba niko barabara, ilhali beti zote ni za kulalamika. Tangu siku hiyo, kabla ya kuimba, huyasema maneno huku nikipiga meza kwa kiganja, na silabi nzito inapokataa kukaa kwenye pigo hubadilisha neno.

Faida tuliyonayo ni irabu. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo mwisho wa mstari unaweza kuvutwa kadiri pumzi inavyoruhusu, na kwa koo langu "a" na "o" hufunguka vizuri juu kuliko "i" na "u", ambazo hubana.

Wanaotoka kwenye bongo fleva huona utangulizi wa hausi kuwa mrefu kupita kiasi na kuukata. Fanyeni hesabu: kwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde na kipimo kimoja ni sekunde 2, hivyo vipimo 32 vya ngoma peke yake ni sekunde 64. Hiyo ndiyo nafasi ambayo DJ huitumia kuunganisha wimbo wako na ule unaomalizika, na usipompa nafasi hiyo, huenda akaupenda wimbo wako nyumbani lakini asiupige ukumbini. Tengenezeni matoleo mawili, refu kwa ajili ya DJ na fupi kwa ajili ya redio.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu. Katika hausi, sauti ya mwimbaji hutenganishwa na wimbo kwa urahisi mno, na akapela, yaani sauti peke yake bila ala, ikishatoka mikononi mwako inaweza kuvaa midundo kumi tofauti. Mwaka 1989 kundi la Black Box la Italia lilivuma kwa wimbo "Ride on Time", uliojengwa juu ya sauti ya mwimbaji Loleatta Holloway iliyochukuliwa kutoka rekodi yake ya 1980, huku mbele ya kamera akisimama mwanamitindo anayefumbua kinywa tu. Mwimbaji Martha Wash alifanyiwa mchezo kama huo na kundi hilo hilo, kisha katika "Gonna Make You Sweat" ya C+C Music Factory mwaka 1990, na ni baada ya yeye kwenda mahakamani ndipo kampuni za muziki zilipoanza kuwa makini kuandika jina la mwimbaji halisi. Hata waasisi wa hausi hawakusalimika: Larry Heard na Robert Owens wa Chicago, mmoja mpiga ngoma aliyegeukia kinanda na mwingine mwimbaji ambaye pia ni DJ, waliishtaki lebo yao ya zamani mwaka 2020 kwa ajili ya kazi za miaka ya 1980, na suala hilo lilimalizika kwa makubaliano mwaka 2022. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Yangu ni madogo kwa kulinganisha. Niliuza akapela moja kwa prodyuza wa ng'ambo kwa malipo ya mara moja, kwa ujumbe wa simu bila karatasi, na baadaye nikaisikia katika nyimbo tatu, mbili kati yake zikiwa hazina jina langu. Sikuwa na la kudai, kwa kuwa sikuwa nimekubaliana naye lolote zaidi ya bei.

Elewa kwamba wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na unaweza kuwa na fungu katika zote mbili ikiwa uliandika maneno na pia ukaimba. Karatasi moja inatosha kuanzia: majina, tarehe, asilimia ya kila mmoja katika kila haki, jina lako litaandikwaje, na kama akapela inaruhusiwa kutumiwa tena. Kila rekodi ipewe namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Walio Kenya wasajili kazi KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kisha waulize hapo hapo ni chama kipi chenye leseni ya kukusanya mirabaha kwa wakati huo, kwa maana leseni hizo hubadilika.

Jifunzeni pia kufungua mradi wa wimbo kwenye programu ya kurekodia na kuhariri sauti zenu wenyewe, hata kama hamna nia ya kuwa maprodyuza. Siku hizi ninapoombwa sauti, natuma kwanza sampuli ya MP3 ambayo nimelitaja jina langu katikati ya ubeti, mahali ambapo haliondoleki bila kukata maneno. Faili kamili ya WAV, yenye sauti isiyobanwa, ikiwa na jina langu, mapigo na ufunguo (key) wa wimbo kwenye jina la faili, huondoka baada ya karatasi kurudi ikiwa na sahihi.