Gia kuchelewa kubadilika kwenye Toyota Corolla ya zamani

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Corolla yako ya miaka ya 1990, yenye giaboksi ya otomatiki ya gia tatu, huchelewa kuingia gia ya pili hadi injini inanguruma, na kwamba fundi ameshauri giaboksi ibadilishwe. Nakuomba usikubali kabla ya kukagua kebo inayotoka kwenye throtli (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) kwenda kwenye giaboksi. Katika giaboksi hiyo, isiyotumia kompyuta, kebo hiyo ndiyo inayoiambia umekanyaga akseleta kiasi gani, na ikivutwa kupita kiasi gia huchelewa na kuingia kwa kishindo.

Anza na mafuta ya giaboksi: yapime yakiwa ya moto na injini ikiwaka, kisha yanuse, kwa sababu yakinuka kuungua basi tatizo si la kebo tena. Yakiwa salama, zima injini, mwombe mtu akanyage akseleta hadi mwisho, nawe utazame kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya wa kebo. Pengo kati yake na mwisho wa mpira wa gamba (ganda la nje la kebo) linatakiwa liwe milimita 0 hadi 1. Likizidi, legeza nati mbili za kebo, urekebishe kidogo kidogo, kisha ujaribu barabarani.

Tafadhali sana, usiilegeze kebo kupita kipimo hicho ili gia ziingie mapema na laini, kwani presha ya mafuta itashuka na sahani za klachi zitateleza mpaka ziungue.