Mstari ukipanda, usitangaze virusi bado

Wadogo zangu wa sensa za mwanga (vihisi vinavyonasa virusi kwa kutumia mwanga), nimeona tena mambo yaleyale: mtu kapima virusi kwenye bafa safi (maji ya chumvi ya maabara, yasiyo na kamasi), mstari wa SPR (mwanga unaoonyesha kitu kimenata kwenye chipu ya dhahabu) umepanda, tayari anaandika kwamba sensa imekamilika. Haijakamilika. Mnajituma na nawapenda kwa hilo, ila hili nimechoka kuliona.

1. Ukibandika kingamwili kwenye chipu kwa EDC/NHS (kemikali za kuunganisha), hakikisha hakuna hata chembe ya Tris (kemikali ya kutengenezea bafa) kwenye bafa, Tris ina kundi la amini (NH2), itakaa mahali pa kingamwili zako. Na EDC changanya palepale unapoitumia, ikikaa kwenye maji inakufa.

2. Joto. Maji yakipanda digrii 1 tu yanakuhamishia kama 0.0001 RIU (kipimo cha jinsi maji yanavyopinda mwanga), na wewe unatafuta kitu kidogo kuliko hapo. Sampuli ya kutoka friji iache ifikie joto la chipu kwanza.

3. Blanki, yaani sampuli isiyo na virusi. Hapa ndo tuliumia jamani. Kundi letu tulikuwa na LOD (kiasi kidogo kabisa cha virusi ambacho sensa inaweza kukigundua) nzuri ajabu, kaliburesheni yote tumeifanya kwenye PBS (bafa safi), tukaleta swabu za pua za wagonjwa, zote zikapanda, tukafurahi, tukawaambia na madaktari kwamba kipimo kiko njiani. Akatokea mwenzetu mmoja akauliza zile za PCR hasi, za watu wasio na virusi, ziko wapi. Tukazipitisha nazo zikapanda vilevile! Yaani muda wote ule tulikuwa tunapima kamasi, maana musini (protini inayofanya kamasi inate) na protini nyingine za puani zinaganda kwenye dhahabu bila kujali umeweka kingamwili gani, na ile VTM yenyewe (maji ya kubebea swabu) ilikuwa na seramu ndani. Kurudi kwa wale madaktari kuwaambia wasubiri ilikuwa ngumu sana, walishaanza kupanga nani atengwe na nani aruhusiwe kwenda nyumbani, na hapo ndo nilielewa kwamba chanya ya uongo inamwangukia mtu kabisa. Tulianza upya: kublok (kufunika nafasi zilizobaki wazi kwenye dhahabu) kwa kaseini, protini ya maziwa, kuosha kwa Tween 20, aina ya sabuni, chaneli ya pili yenye kingamwili isiyohusika ili tuitoe kwenye hesabu, na blanki za watu wengi tofauti kwa sababu kamasi ya huyu si ya yule. LOD tukaihesabu kwenye blanki hizo, wastani kujumlisha mara 3 ya SD (mkengeuko sanifu). Ikawa mbaya kuliko ya mwanzo, lakini hiyo niliweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote.

4. Virusi vya korona au vya mafua ni kama nm 100. Uga wa SPR (umbali ambao mwanga unahisi kutoka kwenye dhahabu) unafika karibu nm 200, wa LSPR (SPR ya chembe ndogo sana za metali) unaisha ndani ya makumi machache ya nm, kwahiyo ukitumia LSPR sehemu kubwa ya kirusi iko nje ya uga wako. Usikalibreti kwa protini ya spaiki (miiba ya juu ya kirusi) peke yake halafu useme umepima kirusi kizima.

5. Pitisha na virusi vingine vya njia ya hewa, yaani influenza A (mafua), RSV na OC43 (korona ya mafua ya kawaida), kila moja peke yake, uone kama sensa yako inavikosea. Kopi za RNA za PCR usizigeuze idadi ya virusi, kuna RNA nyingi tu inaelea bila kirusi.

6. Mkiandika "dakika 5", anzeni kuhesabu swabu inapotoka puani. Kuchanganya, kuchuja na kusubiri joto likae sawa, vyote viingie humo, maana mgonjwa anavisubiri vyote.