Mavyaa wako hajakudhalilisha, amekuokolea nazi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani, hapa Mombasa. Mume wangu ni bahili hajapata kuonekana. Ananiachia mia sita kwa siku, chakula cha watu watano, basi. Kodi, karo na gesi analipa yeye, lakini ukimwomba senti ya ziada anauliza ya nini. Tangu mfungo uliopita mamake amehamia kwetu kutoka Lamu, na sasa hata sufuria si yangu. Anafunua vyungu mbele ya wageni, anaokota machicha niliyotupa anayakamua tena, na wali uliolala, ambao mume wangu hawezi kuula, yeye anaufanya vitumbua asubuhi anampa mwanawe. Naona ananidhalilisha.*

*Kilichonimaliza ni hiki. Shule ya kijana wangu wa miaka minane ina siku ya mavazi Ijumaa ijayo, kila mtoto aende kama mtu wa hadithi. Nimepata duka mjini linalokodisha nguo za yule shujaa wa sinema mwenye joho jekundu, elfu tatu na mia tano kwa siku. Kina mama wenzangu kwenye kundi la WhatsApp la darasa wote wameshalipia. Mume kakataa. Bibi akamwambia mtoto atamfanya Fumo Liongo kwa gunia na kikoi, na mtoto naye akashangilia kwa sababu hajui. Nimelia siku mbili. Nishalipa elfu mbili za kushikilia, nimezitoa kwenye pesa za chama ambazo mimi ndiye nazitunza. Nifanye nini mume wangu anielewe?*

*Niliyechoshwa, Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa machozi. Yapanguse sasa tuzungumze.

Barua yako imejaa mashahidi, na karibu wote wanakushuhudia vibaya wewe mwenyewe. Unasema mumeo hawezi kula wali uliolala, kisha papo hapo unasema anakula vitumbua vya wali huohuo mkononi mwa mamake. Basi anakula. Asichokula ni kiporo alichotupiwa sahanini na ubaridi wake. Unamwita bahili, ilhali kodi ni yeye, karo ni yeye, gesi ni yeye. Bahili mimi namjua, bibi. Bahili huhesabu vijiti vya kiberiti, na karo huikumbuka mtoto akisharudishwa nyumbani. Mwanamume anayeuliza "ya nini?" kabla ya kutoa pesa yake ameuliza swali la haki, na wewe ulikuwa huna jibu.

Halafu huyo mavyaa wako. Mwanamke wa Lamu aone machicha yanaingia pipani baada ya kukamuliwa mara moja, ulitaka afumbe macho? Nazi moja ina tui la kwanza, zito, kisha la pili, na ukiwa na mikono hata la tatu. Hayo mepesi ndiyo ya kupikia. Mbaazi zikishaiva kwa maji matupu, zimiminie tui jepesi na kitunguu, manjano, chumvi na pilipili, ziache zichemke mpaka mchuzi ushike. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, mwiko hautoki chunguni, maana likichemka kwa fujo linakatika, mafuta juu, maji chini. Wewe, nikikisia, unakamua mara moja, unamimina lote kwa pamoja, ladha ikipungua unafungua nazi ya pili. Hapo mia sita itatosha vipi?

Na mbaazi zako unaziloweka? Zisizolala majini huchukua muda mrefu zaidi kuiva, na muda huo wote gesi inawaka. Gesi analipa yeye, ndiyo maana huioni.

Mji huu haujawahi kukosa chakula cha watu wa kawaida. Kuna pojo wa nazi, kunde, mchicha wa nazi, muhogo wa nazi na kichwa cha samaki kidogo ukikipata. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari inachafuka, wavuvi wadogo hawaendi mbali na samaki mbichi wanapanda bei. Usishindane na bahari. Nunua ng'onda au papa mkavu, mroweke atoke chumvi, kipande cha kiasi cha kiganja kitakukolezea mchuzi wa watu watano. Nyumba zinazokula kuku wa kuletewa na bodaboda kila Jumamosi ndizo hizohizo zinazoniandikia kwamba mume hatoi.

Kwenye wali nitakuunga mkono kidogo. Wali wa nazi uliolala juu ya meko usimpe mtu. Kwa joto letu huchacha upesi, na wali wowote ulioachwa nje usiku kucha unaweza kuumiza tumbo hata ukiupasha moto ukatoa moshi. Ukibaki usiku, utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie frijini. Alfajiri vijiko vichache visagwe pamoja na mchele uliorowekwa, tui, hamira, sukari na iliki, uache rojo liumuke, ndipo uchome vitumbua. Huo wali kidogo ndio unaovifanya vilainike ndani. Mavyaa wako anayajua haya yote. Nimetafuta kwenye barua yako pahali ulipomuuliza jambo lolote, sikupata.

Kufunua vyungu mbele ya wageni amekosea, na mumeo ndiye wa kumwambia, kwa upole, wakiwa wawili. Hapo umeshinda. Shinda hapo tu.

Mumeo naye nina neno naye. Pesa ya kila siku inamlazimisha mwanamke anunue kila kitu kwa kipimo cha kadogo, mafuta ya kadogo, sukari ya kadogo, vitunguu viwili vya kibandani. Kununua hivyo ndiyo njia ghali kuliko zote za kuendesha nyumba. Mia sita kwa siku saba ni elfu nne na mia mbili. Akupe zote Jumamosi, uende Kongowea mapema na jirani mmoja, mgawane viazi, nyanya na vitunguu vya jumla, na bizari ununue Marikiti kwa robo, si kwa vijipakiti. Lakini usimwombe leo ukiwa bado umevimba. Mwonyeshe kwanza wiki moja ya hesabu iliyoandikwa kwenye daftari. Mwanamume akiona daftari hupoteza hoja.

Ndoa za siku hizi, wanangu, zinanishangaza. Zamani binti alikabidhiwa somo, mtu mzima wa kumfundisha mambo ya ndani na ya jikoni, na somo huyo hakuwa na haya ya kukupiga kikofi mkono ukimwaga chumvi. Leo somo ni simu. Mke anajifunza kupika kwa mwanamke wa Marekani mwenye jiko kubwa kuliko sebule yako, anayetumia nusu ya sufuria na kutupa nusu, halafu anamlaumu mume wa Mikindani. Harusi zenyewe ni za mkopo. Mtu anaolewa na deni la tenti na la mpambaji, miezi sita baadaye anaandika kwamba mapenzi yamepungua. Hayajapungua mapenzi, zimepungua pesa, na hamkuwahi kufundishana kuzungumza juu ya pesa. Kundi la kina mama wa darasa nalo limegeuka baraza la kuwahukumu waume wasiokuwemo. Usitupe mbachao kwa msala upitao, waliosema hivyo hawakuona WhatsApp lakini waliwaona watu.

Haya, nimetoka nje ya barua. Narudi kwa mtoto.

Unasema ameshangilia "kwa sababu hajui". Hajui nini? Mtoto wa miaka minane amesikia kwa bibi yake habari za jitu la pwani yetu wenyewe, shujaa na mtunga mashairi, mpiga upinde aliyewatisha watawala, naye anataka kuwa yeye. Wewe ndiye usiyejua. Liongo alipofungwa, chakula kizuri alichopelekewa na mamake kililiwa na walinzi. Ndipo mamake akaoka mkate wa wishwa, wa makapi, akaficha tupa ndani. Walinzi wakaudharau, ukamfikia mwenyewe, akakereza minyororo huku nje ngoma inalia, akatoka. Kwa vile unavyoona haya na vitu vya bei rahisi, wewe ungemwachia mwanao gerezani.

Vazi lenyewe halina shida. Kikoi cha babake kiunoni, kikunjwe mara mbili ili kisimwangushe. Kizibao ni gunia la katani, likatwe tundu la kichwa na mawili ya mikono, na ndani avishwe fulana kuukuu kwa sababu katani inawasha na atalia kabla ya gwaride. Enzi zetu watoto walivishwa majoho ya mifuko ya nailoni, lakini tangu mifuko ya kubebea ilipopigwa marufuku Agosti 2017 gunia limerudi kwenye heshima yake. Kilemba ni leso yako. Upinde ni ufito mwembamba na kamba, mishale isiwe na ncha maana mwalimu hatakubali, na atakuwa na haki.

Minyororo ndiyo itakayompa sifa, ifanyeni vizuri. Kateni pete za katoni nyembamba, zipitishwe moja ndani ya nyingine na kugandishwa. Gundi msinunue. Vijiko viwili vya unga wa ngano vikorogwe kwa maji baridi visiwe na madonge, kisha viwekwe motoni huku unakoroga mpaka viwe uji mzito. Tia chumvi kidogo isiote ukungu. Mkishagandisha, sageni makaa yawe vumbi, changanyeni na gundi hiyo, pakeni pete zote, anikeni juani siku nzima. Zikikauka pakeni tena gundi safi juu yake, la sivyo weusi wote utahamia kwenye kikoi na hapo bahili wako atakuwa na la kusema. Pete moja iacheni imekatika, ining'inie mkononi, watu waone kwamba ametoroka. Anzeni Jumanne, msingoje Alhamisi usiku.

Kisha bibi aoke mkate mdogo, wa unga wowote uliobaki, na ndani yake mtie tupa ya katoni iliyovingirishwa kwenye karatasi ya kung'aa. Aubebe shuleni, aumege mbele ya darasa na kuwasimulia. Yale majoho mekundu yatakuwa kumi na mawili, yote sare, kila mmoja na mama yake anavuta simu. Wako atakuwa mmoja, na atakuwa na maneno.

Sasa zile elfu mbili. Umezitaja katikati ya sentensi ukitumai zitanipita. Mtunza pesa wa chama anayechota pesa ya wenzake bila ya kuwaambia, hilo lina jina, na wanachama wenzako wanalijua. Kesho asubuhi nenda dukani, waambie vazi hulitaki, omba pesa yako. Wakikata sehemu, ijazie kidogokidogo kutoka kwenye mia sita zako, kula pojo, na zirudi zote kabla chama hakijakutana. Usiku huohuo mwambie mumeo kwa mdomo wako, kabla hajalisikia kwa mume wa mwanachama. Umeuliza ufanye nini akuelewe. Anza na hilo, na usimtume mavyaa wako akusemee.