Wanaoiponda The Killing Joke wana hoja

Hapana kaka, kusema wanaoiponda The Killing Joke, ile komiki ya Batman, ni waoga wa damu tu sio haki. Michoro ya Brian Bolland hata wanaoichukia wanaikubali, na pale mwisho Batman na Joker wanacheka pamoja kwenye mvua, tangu 1988 watu wanabishana mpaka leo. Shida ni Barbara Gordon, binti wa kamishna wa polisi Gordon, yule aliyekuwa Batgirl. Anafungua mlango akidhani ni jirani yake, anakula risasi ya Joker, anapooza, anavuliwa nguo na kupigwa picha ili tu baba yake arukwe na akili, halafu tukimkuta hospitali bado anamuwaza baba yake, yani maumivu yake yeye stori haina muda nayo kabisa. Hilo ndo linakera watu, na sio wasomaji peke yao, hata Alan Moore aliyeiandika alikuja kusema haipendi. Mi naona kazi nzuri kwa Barbara walifanya Kim Yale na John Ostrander, waliomleta 1989 kama Oracle, mtaalamu wa kompyuta, kwenye komiki za Suicide Squad, yupo kwenye kiti cha magurudumu lakini kwenye kompyuta hakuna anayemgusa. Tafuta zile uzisome kwanza afu urudi tubishane.