Kushusha baruti mgodini: fataki zisafiri peke yake

Baruti nyingi za migodini siku hizi hazilipuki kirahisi. Boksi likianguka, kwa kawaida hakuna kitu. Mwenye hasira ni fataki, kidude cha kulipulia baruti. Kinafanana na kalamu, na hakitaki kugongwa, joto, msuguano wala umeme tuli, na kikilipuka karibu na baruti huiamsha yote. Ndiyo maana viwili hivi huwekwa mbalimbali kuanzia stoo hadi kwenye shimo lililochorongwa.

Gari moja likilazimika kubeba vyote, kila kimoja kiwe na sanduku lake lenye kifuniko na kufuli, ndani limetandikwa mbao au mpira, vichwa vya misumari vimezamishwa. Chuma kikisugua chuma hutoa cheche. Spana, betri na dumu la dizeli havina nafasi humo. Kabla ya kuondoka kagua breki, nyaya za umeme, uvujaji wa mafuta (oili iliyoganda kwenye injini ifutwe) na mitungi ya kuzimia moto.

Kwenye lifti ya mgodi, mwendesha winchi aambiwe mapema anashusha nini. Abiria wengine wasipande, na usishushe wakati wa kubadilishana zamu, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapojazana.

Fataki za umeme zina lake. Ncha za nyaya zake mbili zibaki zimesokotwa pamoja hadi wakati wa kuunganisha, ili umeme wa kupotea usipate njia ya kupita kwenye fataki. Redio za mawasiliano zikae mbali.

Njia ya mkato mbaya kuliko zote ni kuchomeka fataki kwenye baruti huko stoo ili kuokoa muda. Anayefanya hivyo anatembea na bomu kamili. Kazi hiyo ifanyike usoni pa mwamba, yaani pale unapolipuliwa, kwa idadi ya mashimo yaliyo tayari tu. Na mfuko wa suruali si chombo cha kubebea fataki!

Hesabu nayo isilegee. Zimetoka fataki 60, zimetumika 52, basi 8 zirudi stoo zamu hiyohiyo na daftari lisainiwe. Zikifichwa kwenye ufa wa mwamba, zamu inayofuata itazikuta kwa ncha ya mashine ya kuchoronga.

Gari likishika moto, mtungi hutumika moto ukiwa bado mdogo na uko mbali na mzigo. Ukifika kwenye mzigo, acha gari, ondoa watu, toa taarifa kwa walio juu ya ardhi, na zuia kila njia inayoingia eneo hilo.