Wasomaji Wanauliza: Risasi na vilengeo vya bunduki ya .45-70

SWALI: Nimenunua bunduki ya Marlin 1895 ya .45-70 (aina ya risasi inazopiga), ile ya kukoki kwa wenzo, ya kuwindia elki (paa mkubwa wa Amerika Kaskazini) msituni. Nitumie risasi zipi? Na kwa umri wa miaka 52, kilengeo cha nyuma nakiona ukungu tu. Nifunge darubini?
Msomaji, Montana, Marekani

JIBU: Chagua risasi kwanza, maana ukibadilisha uzito wake, shabaha nayo huhama.

Tazama pua. Ndani ya bomba la kuwekea risasi lililo chini ya mtutu, pua ya kila risasi huelekea fataki (kiwashio kilicho kitakoni) ya iliyo mbele yake. Pua ngumu iliyochongoka yaweza kuigonga fataki hiyo bunduki inapopiga teke, na bomba likalipuka juu ya mkono ulioshika mtutu. Nunua pua bapa, au yenye ncha laini iliyotengenezwa kwa bomba, kama Hornady FTX.

Kwa elki, greni 350 hadi 405 (gramu 23 hadi 26), yenye pua laini na koti la shaba, inatosha kabisa. Nyingi za greni 300 zenye tundu puani hufunguka mapema mno zikigonga mfupa wa bega. Vichwa (sehemu ya risasi inayoruka) vya greni 500 vya .458 Winchester Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, vina kipenyo kilekile, lakini vimeundwa kwa mwendo mkali zaidi. Hapa vitapenya bila kutanuka. Ukijaza maganda mwenyewe, bana mdomo wa ganda kwenye mfereji wa kichwa, la sivyo springi ya bomba na teke vitakisukuma ndani na shinikizo litapanda.

Kwa macho yako, achana na kilengeo cha nyuma cha mtaro (chenye mkato). Funga cha tundu karibu na jicho: unatazama cha mbele tu, jicho hujiweka katikati lenyewe. Kwa kuwa tundu hukaa juu zaidi, mara nyingi bunduki itapiga juu, nawe utahitaji kilengeo kirefu zaidi mbele. Zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo, ugawe kwa umbali wa shabaha. Ikipiga sentimita 10 juu kwenye mita 50, na vilengeo vimeachana milimita 600, ongeza milimita 1.2.

Darubini ya kukuza mara 1 hadi 4 pia yafaa, mradi jicho likae angalau sentimita 9 nyuma yake. Ikikaribia zaidi, itakuchana nyusi. Tia gundi ya skrubu, kwani teke huzilegeza. Lakini isikudanganye kuhusu umbali: risasi ya kawaida ya greni 405, bunduki ikiwa imerekebishwa ipige shabaha kwenye mita 100, hushuka zaidi ya nusu mita ifikapo mita 200.